Nani kawafunga mikono walinda amani wa Kongo?

Kila Goma ikiwaka moto maneno ni yaleyale, kwamba hawa jamaa wa UN wamekuja kula posho, wana vifaru na helikopta lakini raia wanauawa karibu na kambi na wao wanaandika ripoti. Na dawa inayotajwa ni moja tu: waondolewe masharti ya kutumia silaha, wapige. Hasira hiyo naielewa kabisa. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, na Monusco, kikosi cha UN nchini humo, wapo mjini humohumo. Rwanda 1994 ndo usiseme, wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa kwenye kikosi cha UN waliuawa tarehe 7 Aprili, na wiki mbili baadae Baraza la Usalama badala ya kuongeza nguvu likaamua kikosi kibaki watu 270 hivi. Aliyepoteza ndugu pale utamweleza nini kuhusu kanuni?

Na tusiwe wanafiki, dawa hiyo ilishajaribiwa ikafanya kazi. Machi 2013 azimio 2098 liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, watu 3,069, wenye ruhusa ya kuwafuata waasi waliko bila kusubiri kushambuliwa. Novemba mwaka huohuo M23 wakatangaza kuacha vita. Bongo tulitembea vifua mbele, na ilikuwa haki yetu, ingawa huwa tunasahau kwamba jeshi la Kongo nalo lilipigana na wafadhili walikuwa wameshaibana kwenye misaada Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia M23.

Sasa wale wanaotetea mipaka ya kutumia silaha wanaitwa waoga au watu wa maofisini, na hapo ndo naona hawatendewi haki, maana hoja yao wengi hawajaisikia. Wanachosema ni kwamba karatasi haijamfunga mtu. Tangu Sierra Leone 1999 misheni nyingi kubwa zimekuwa zikipewa mamlaka chini ya Sura ya 7 ya Mkataba wa UN, mlinda amani anaruhusiwa kufyatua risasi kujilinda, kulinda kazi aliyotumwa, na kumlinda raia anayetishiwa. Anaruhusiwa! Swali ni kwanini hafyatui.

Kuna ukaguzi wa ndani wa UN wenyewe, ulitoka 2014, mimi sichoki kuurudia. Walichukua matukio 507 ya raia kushambuliwa au kutishiwa kati ya 2010 na 2013 kwenye misheni zenye jukumu la kulinda raia, wakahesabu ni mangapi walinda amani waliitikia papohapo. Ni 101, yaani asilimia 20. Hebu tulia na hiyo namba, matukio 406 hakuna aliyenyanyuka mara moja, na ruhusa ya kutumia nguvu ipo kwenye karatasi. Wakaguzi wakasema nguvu ilikuwa karibu haitumiki kabisa hata pale ambapo ilikuwa ndo njia ya mwisho. Moja ya sababu walizotaja ni kwamba kikosi kina mabosi wawili, kamanda wa UN anaagiza hivi, halafu mkuu wa kikosi anapiga simu kwao kuuliza, na kwao wanamwambia tulia hapohapo usituletee majeneza. Kwahiyo ukilegeza kanuni za New York kesho asubuhi, hiyo simu bado itapigwa, na ile 101 sioni itapandaje.

Halafu angalia upande wa pili wa risasi. Tarehe 31 Julai 2022, pale Kasindi mpakani na Uganda, wanajeshi wa brigedi hiihii waliokuwa wanarudi kutoka likizo walifyatua risasi, wakaua raia na kujeruhi wengine kadhaa. Guterres mwenyewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa UN wakati huo, akasema amekasirishwa, wahusika wakakamatwa. Yaani brigedi iliyoshangiliwa 2013! Bila mipaka hiyo wale wanajeshi wangeshtakiwa kwa kosa gani? Na ukishakuwa jeshi la kushambulia, adui naye anakuhesabu kama upande wa vita. Semuliki, Desemba 2017, tulipoteza vijana 15 wa Tanzania kwenye shambulio ambalo ADF, waasi wenye asili ya Uganda, ndo waliotajwa. Sisemi ADF wangewaacha kama wangekaa kimya, wale wanaua hata wakulima shambani, lakini anayetaka brigedi ipige zaidi aseme pia nani atalipa.

Wengine watasema basi tatizo ni UN, walete majeshi ya kanda. Yameshaletwa. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia 2022 na Kinshasa ikakiondoa 2023 ikilalamika hakipigani na M23. Kikafuata cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, chenye ruhusa ya kupigana hasa, na Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Mikono ilikuwa wazi kabisa.

Mimi ningeacha kanuni zilivyo nikakata ile simu. Kanuni za Kigali za 2015 kuhusu kulinda raia zinasema hivyohivyo, kamanda awe na ruhusa ya kutumia nguvu kulinda raia bila kuomba kwanza kibali nyumbani. Wabunge wetu kabla ya batalioni nyingine kupanda ndege wanaweza kuuliza swali moja tu: masharti gani ya siri tumewawekea wanajeshi wetu ambayo kamanda wa UN hayajui? Sharti likiwepo liandikwe, kamanda alijue mapema, asije akaligundua usiku ambao kijiji kinaungua.