Anayelisha Paka wa Lamu Ana Deni la Pili

Mabishano kuhusu paka wa Mji wa Kale wa Lamu yana pande mbili, na kila mwenyeji ameshazisikia zote. Upande mmoja husema paka wamezidi: wanaingia jikoni, wanakojolea milango, wanapigana juu ya mapaa usiku kucha, na watoto wanachezea mchanga walionyea. Kwa hivyo wapunguzwe, na wengi wanaosema hivyo hawafichi kuwa wanamaanisha sumu. Upande wa pili husema paka ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, walifika na majahazi tangu zama za mababu, na leo wageni husimama vichochoroni kuwapiga picha. Waachwe, walishwe. Naona kila upande umeshika jambo la kweli, na wote wawili wameliacha lililo kubwa zaidi, nalo ni uzazi.

Tuanze na wanaotaka wauawe, maana wapenda paka hupenda kuwapuuza. Malalamiko yao si chuki tupu. Kichaa cha mbwa huweza kupita kwa paka, ingawa hapa Kenya mbwa ndiye chanzo kikuu. Aliyeng'atwa au kuparurwa na paka asiyemjua aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kuona kama paka ataugua. Kuna pia vimelea vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka, ambavyo ni hatari kwa mimba. Hili lisemwe kwa ukamilifu, kwani nusu yake imewafukuzisha paka wengi majumbani. Paka aliyeambukizwa huvitoa vimelea kwa wiki moja au mbili hivi, aghalabu mara moja katika maisha yake, navyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Watu wengi huvipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka na aoshe mikono kila akigusa udongo. Paka mwenyewe akilala barazani hamdhuru.

Sumu ina makosa mengi, na moja ambalo halisemwi ni kwamba hata lengo lake haifikii. Idadi ya paka katika mtaa huamuliwa na chakula na maficho. Ukiua kumi na mapipa yakabaki wazi, na matumbo ya samaki yakaendelea kutupwa mtaroni, wengine kumi watahamia. Huko Tasmania, Australia, watafiti waliwaondoa paka mwitu kidogo kidogo katika maeneo ya msitu ambayo paka wengine waliweza kuyaingia, na wakati wa kazi hiyo wakakuta paka wanaoonekana wameongezeka badala ya kupungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Atakayejibu kuwa Lamu ni kisiwa na hakuna pa kuhamia kutoka, atazame kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, kusini kabisa ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa pale wawale panya wa kituo cha hali ya hewa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 2,000. Wakaingiziwa ugonjwa wa virusi mwaka 1977, wakawindwa usiku kwa bunduki, wakategwa, na kazi haikuisha hadi 1991. Marion haina mji wala soko, na hakuna mashua kama za Mokowe, gati letu la bara, zinazofika kutwa nzima na shehena, na mara nyingine na paka wa kuja kutupwa. Ikiwa kisiwa kitupu kilichukua miaka 14 baada ya virusi, Lamu itamaliza lini? Na sumu ya Lamu itapita wapi kama si kwenye mitaro ileile iliyo wazi, kwa kuku wa jirani na kwa mtoto anayeokota kila kitu? Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haimwachi paka nje eti kwa kuwa hana mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Malindi na Watamu hoja ya kuua ilipata nguvu mpya mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kama kunguru anauawa kwa kuwa ni mgeni anayeharibu viota vya ndege wa asili, mbona paka, naye mgeni na naye anakula ndege, aachwe? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kunguru hakamatiki ukamfunga uzazi, paka anakamatika. Nakubali hata hivyo kuwa mahali panabadilisha hukumu. Ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, jirani na Malindi na Watamu, wenye bundi wadogo na sange wa matako ya dhahabu wasiopatikana kwingi duniani, kumwekea paka sahani ni kumweka mwindaji mlangoni mwa viumbe wasio na pa kukimbilia. Pale nasema mtu yeyote asilishe paka nje, na aliyepo ahamishiwe nyumbani. Ndani ya mji wa mawe wa Lamu hali si hiyo.

Sasa upande wa huruma, ambao ndio wangu, na kwa hivyo nitaukagua kwa ukali zaidi.

Misingi yake ni imara. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, kwamba ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Akatuhadithia pia mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Mji uliokulia mafunzo hayo hauwezi kumpiga teke paka kirahisi, nami najivunia hilo. Lakini tazama anayekula huruma yetu. Nenda soko lililo ubavuni mwa Ngome asubuhi samaki wanapoparwa. Chini ya meza utamwona mtoto wa paka, tumbo limetuna kwa minyoo na mbavu zinahesabika, jicho moja limegandishwa na tongo, anangoja shavu la samaki lidondoke. Pembeni yupo paka mweupe ambaye ncha za masikio yake zina magamba yasiyopona. Wapitao hudhani ni kidonda cha kupigana. Kwa paka weupe wa nchi za jua kali, kidonda cha namna hiyo mara nyingi ni mwanzo wa saratani ya ngozi, nayo hula sikio taratibu mpaka ifike kichwani.

Hawa wamezaliwa na ukarimu wetu. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, yaani akiwa bado mtoto mwenyewe. Mimba ni siku 63 hadi 65. Nchi za baridi, siku fupi za kipupwe humpumzisha. Hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo hana mwezi wa mapumziko. Kinachomzuia ni njaa, nasi tunaiondoa kwa msimu. Hesabu miezi. Desemba nyumba za kupanga za Shela zimejaa, sahani zinatoka mlangoni kila jioni. Jike aliyeshiba wakati huo huzaa kuelekea mwisho wa Februari. Watoto huacha ziwa wakiwa na wiki nane hivi, ndio mwisho wa Aprili. Hapo masika yameshuka, kusi imeanza, bahari imechafuka na vyombo vingi havitoki, hoteli zimefungwa au zina mlinzi tu. Kizazi kilichotungwa kwa chakula cha wageni huanza kujitafutia katika mwezi ambao chakula hakipo. Ndio maana Mei na Juni ndipo unapowaona waliokufa vichochoroni, na ndipo malalamiko ya kuingia majikoni yanapozidi. Kila upande huona ushahidi wake katika jambo moja lenye sababu moja.

Kuna utetezi mwingine wa paka ambao naona tuuache: kwamba wanatulinda na panya. Panya wadogo, ndiyo. Panya buku ni kazi nyingine. Watafiti waliotega kamera kwenye kituo cha taka jijini New York, na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2018, waliwafuatilia paka kwa siku 79 mahali palipojaa panya wakubwa, wakaona wawili tu wakiuawa. Paka na buku hula jalala moja kwa zamu. Anayetaka kupunguza buku afunike taka, na akifunika taka atakuwa amepunguza paka vilevile bila kumwaga tone la sumu.

Inabaki njia ya tatu: kuwatega, kuwafunga uzazi, kuwachanja, kuwakata ncha ya sikio wajulikane kwa mbali, kisha kuwarudisha walipotoka. Ndiyo ninayoiunga mkono. Ila wanaoihubiri kama dawa ya miujiza wanatudanganya. Roma imeifanya kwa nguvu ya sheria, kwani Italia tangu 1991 imekataza kuua paka wa mitaani na kuamuru wafungwe uzazi. Katika miaka kumi ya mwanzo paka karibu 8,000 wa jiji hilo walifanyiwa upasuaji. Hesabu ya makundi 103 ilionyesha kupungua kwa kati ya asilimia 16 na 32 tu, kwa sababu watu waliendelea kutupa paka wapya palepale penye chakula. Waliofanya utafiti wenyewe walisema kuwa bila kuzuia utupaji, kazi hii ni kupoteza fedha na nguvu. Malindi, yenye Wataliano wengi kiasi kile, ina watu wa kuwauliza habari hizi kwa ukaribu.

Hapa Lamu kuna kizuizi cha uzito zaidi, nacho ni cha dini. Sisi wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na Imamu Nawawi, mwanazuoni wake mkubwa, ameandika kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Mzee anayekataa paka wake asipelekwe kliniki kwa hoja hiyo si mjinga, naye hastahili kuhutubiwa na kijana aliyeshuka jana na mtego. Anastahili kujibiwa kwa ilimu. Wanazuoni wa Hanafi wameruhusu kuhasi wanyama panapokuwa na manufaa. Katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia aliulizwa kuhusu paka waliozidi wakawa udhia, akajibu kuwa hakuna ubaya ikiwa upasuaji hauwadhuru, na kwamba ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Waliozungumzia kuhasi zamani waliijua kazi ya kisu bila ganzi, ilhali leo mnyama hulazwa kwa dawa. Je, tofauti hiyo inabadilisha hukumu? Hilo ni la masheikh wetu, na natamani lizungumzwe wazi kwenye darsa za misikitini, kwa sababu sasa kila mtu anajipa fatwa yake kimyakimya: huyu analisha bila kikomo, yule anatia sumu. Na kuhusu sumu sijasikia madhehebu yoyote yakiisifu.

Wapo pia wanaohofia kuwa tutaimaliza nasaba ya paka wa Lamu, hawa wenye shingo ndefu na miguu mirefu ambao wageni huambiwa ni paka wa Firauni. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wafugwao wote duniani asili yao ni paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, kwa hivyo udugu na huko si wa Lamu peke yake. Umbo lao ni zuri, sikatai. Lakini hakuna kampeni iliyowahi kumfikia kila jike wa mji mzima, na wembamba unaopigwa picha mara nyingi ni minyoo. Nasaba italindwa na majike wachache wenye afya kuliko mia wenye njaa.

Kwa aliye tayari kuwatunza, mambo machache yasiyohitaji fedha. Asiwape maziwa ya ng'ombe. Paka mkubwa huharisha, aweke maji safi. Samaki mbichi kila siku bila kitu kingine humkosesha paka vitamini, kwa hivyo achemshe na achanganye na vipande vya kuku au maini, mifupa iliyopikwa aiondoe. Na akimwona paka ana homa asimpe Panadol hata robo ya kidonge, maana dawa hiyo humuua paka.

Gharama ya upasuaji ni suala gumu zaidi, nami sioni kwa nini limwangukie mvuvi. Punda wa Lamu wana kituo chao cha matibabu tangu 1987, kwa kuwa punda hubeba mawe na mchanga na kila mtu anaiona faida yake. Paka humbeba mwenye hoteli, maana picha yake iko kwenye tangazo la nyumba. Anayepata kwa picha hiyo achangie kliniki, na anayempangishia mgeni amwambie asianze kulisha asichoweza kuendeleza.

Na mlishaji ndiye ufunguo wa yote. Paka asiyelishwa na mtu hutegeka kwa shida sana. Anayelishwa huja saa ileile, mlango uleule, na mama anayemwekea wali ndiye anayejua nani ameshazaa, nani ana mimba, nani amefika wiki hii. Daktari wa wanyama akija na mitego bila huyo mama, atarudi na shume wawili. Akija naye, mtaa mzima unaweza kumalizika kwa siku chache. Wakati wa kazi hiyo ni Septemba hadi Novemba, kusi ikishatulia na kabla wageni wa Desemba hawajafungua milango.