Nani Anavuta Sigara Humu Ndani?

Saa saba za usiku, mtu mzima na akili zangu, nimeulizwa kama nimeanza kuvuta sigara.

Moshi ulikuwepo, sikatai. Na mkononi nilikuwa nimeshika ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, hilo nalo sikatai. Ushahidi wote ulikuwa upande wa mama watoto, aliyesimama mlangoni akinimulika na tochi ya simu kama askari wa doria. Lakini mvutaji ni mtu mwingine kabisa, na sigara yenyewe aliivuta pengine miaka 30 iliyopita. Mimi nimerithi karatasi tu. Na moshi.

Wenzangu wenye mashine za pinboli nyumbani, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma chini ya kioo na kuizuia isianguke, mmeshaelewa, naona mnatikisa vichwa. Ndiyo. Fyuzi.

Katika shughuli hii ya kufufua mashine za zamani kuna mtu hatujawahi kumwona, na wote tunamjua: Aliyetangulia, yaani mwenye mashine wa kabla yetu. Aliyetangulia ndiye aliyekata waya wa ethi kwa sababu soketi yake ilikuwa na matundu mawili. Ndiye aliyekaza skrubu ndefu mahali pa fupi, ikachomoza katikati ya uwanja wa kuchezea gololi kama jino la mtoto. Ndiye aliyepaka rangi ya ukutani kwenye ubavu wa kabati la mashine, rangi ya maziwa, juu ya michoro ambayo leo watu wangeuza figo kuipata. Ninalo kabati la gemu ya video la mwaka 1981 ambalo Aliyetangulia alilitia rafu ndani akawa anatunzia viatu. Viatu! Nimelisafisha mara tatu, na siku za joto bado linanuka soksi.

Lakini wa pinboli hii iliyotoa moshi nilimwona kwa macho yangu. Nilikaa naye sebuleni kwake. Nilimwamkia kwa heshima.

Ilikuwa mashine ya mwaka 1986. Nilipofika nikakuta imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna pasi, redio mbovu na ndoo. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti, akaanza kunieleza habari za goti lake. Nikasikiliza goti. Ukienda kununua mashine lazima usikilize goti kwanza, ukikimbilia mashine unaonekana una shida nayo, na bei inapanda hapo hapo.

Tulipomaliza goti nikauliza, kana kwamba ni jambo lililonipitia tu kichwani: "Na ile mashine, mzee, inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana tulipoichomoa."

"Mliichomoa lini?"

Akatazama dari. "Huyu mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa."

Mjukuu akaingia kutusalimia. Ana ndevu.

Nikameza mate. Nikaomba nifungue niangalie ndani.

"Fungua tu, kijana wangu."

"Ufunguo?"

"Upo."

"Uko wapi, mzee?"

"Ndani."

Nikageuka kutazama vyumba vya ndani. Akatikisa kichwa. "Ndani ya mashine. Tuliufungia humo usije ukapotea."

Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Hapakuwa na utani. Yule mzee alikuwa ananitazama kwa fahari ya mtu aliyetunza kitu kisipotee, na kweli hakijapotea.

Ikabidi tutoboe kufuli kwa drili. Mjukuu ndiye aliyetoboa, babu akasimamia, mimi nikashika ndoo. Mlango ulipofunguka kikatoka kiota cha panya, kimeshonwa kwa kitabu cha maelekezo cha mashine, tena kwa ile kurasa yenye mchoro wa waya, ndiyo pekee niliyoihitaji. Na pale pembeni, kwenye ndoano yake, ufunguo. Unang'aa. Chini kulikuwa na sarafu mbili. Nikazigusa.

"Hizo ni zangu," akasema mzee.

Tukaja kwenye bei. Akaniambia ni adimu hizi. Nikamwambia, mzee wangu, kwa heshima zote, zilitengenezwa kwa maelfu kule Chicago. Akaniuliza, "Na hapa nyumbani kwangu unaziona ngapi?" Nikahesabu. Moja. Nikakosa jibu mpaka leo.

Mashine ikatolewa miguu, kichwa kikalazwa, ikabebwa. Pinboli moja inavuka kilo 100 bila kujisumbua. Shemeji yangu, aliyekuja kwa kusadiki maneno yangu kwamba ni "kitu cha watu wawili", ndiye aliyeshika upande wa chini kwenye ngazi. Tangu siku ile akinipigia simu anaanza na mgongo, salamu baadaye.

Tukiwa tayari tunaondoka, mzee akatufuata mbio, goti limepona, mkononi ana mfuko. "Hivi vilibaki nilipoitengeneza." Ndani kuna skrubu, springi tatu, na kitu cha plastiki ambacho sijakitambua mpaka dakika hii. Kisha akaniegemea kama anayenipa siri ya ukoo: "Kulikuwa na fyuzi moja ilikuwa inasumbua. Kila ukiweka, inaungua. Nikaitengeneza mwenyewe. Haijaungua tena."

Nami, badala ya kushtuka, nikamshukuru! Nikamshukuru na kumpa mkono!

Sasa nieleze kilichotokea jana. Flipa ni kile kibao kinachoirudisha gololi juu, na koili yake, yaani sumaku ya umeme inayokivuta, ina nyaya mbili zilizozungushwa pamoja, mnene na mwembamba. Mnene una nguvu ya punda, kazi yake ni kukirusha kibao juu mara moja tu. Kibao kikifika mwisho kinasukuma swichi ndogo, umeme unapitishwa na kwenye ule mwembamba, nguvu inapungua, ukashikilia kitufe chako kwa raha zako. Swichi ile ikigoma kuachia, punda anaendelea kuvuta, koili inapata moto, na hapo ndipo fyuzi inatakiwa iage dunia. Kazi ya fyuzi ni hiyo tu. Haina nyingine. Inakaa miaka yote inangojea kufa kwa niaba ya wengine.

Mzee yule akaivika karatasi ya sigara, umeme ukawa unapita humo. Akainyima kifo chake.

Nilikuwa najaribu flipa ya kushoto, nimeshikilia kitufe, nimeinamia kioo nasikiliza kama daktari. Nikasikia mvumo. Nikajisemea, lo, leo ina afya. Kisha pembeni ya uwanja, kutoka kule chini, ukapanda moshi mwembamba mweupe, taratibu, kwa adabu. Nikachomoa plagi. Nikanyanyua uwanja. Koili imevimba, plastiki yake imebana, ina rangi ya mkate ulioungua. Nikafuata waya mpaka kwenye fyuzi, nikaichomoa, nikaimenya kama pipi. Ndani yake, ile fyuzi ya kweli ilikuwa maiti tangu zamani za kale. Ndipo tochi ikanimulika.

"Nani anavuta sigara humu ndani?"

Nilijaribu kueleza. Nilianza na punda. Haikusaidia.

Mama watoto na mimi tuna kesi ya zamani kuhusu mashine hizi. Kesi yenyewe hata si nafasi, ingawa ya nne ndiyo imesimama pale palipokuwa na meza ya chakula. Si kelele pia, wala hajali kwamba nusu ya nguo za nyumba hii zinanyooshwa juu ya kioo cha pinboli kwa sababu eti ndicho kitu pekee kilichonyooka. (Hakijanyooka! Kimeinama nyuzi 6.5 kuja mbele, nimekipima kwa pimamaji siku nzima, nimezungusha miguu mpaka kiganja kikatoka malengelenge.) Kesi yetu ni betri.

Mashine za miaka ile huhifadhi majina ya wenye pointi nyingi kwa betri ndogo tatu zilizobandikwa juu ya bodi kuu. Juu ya bodi kuu! Mhandisi alitafuta mahali pa kuweka kitu kinachovuja maji ya kuunguza, akaona hapa, juu ya ubongo, patafaa. Nilipoona ute wa kijani umeanza kuchungulia nikazitoa mbio, nikasugua bodi kwa siki na mswaki, nikaokoa kila kitu. Kasoro kumbukumbu. Na kwenye kumbukumbu, namba moja, kwa miezi minne, lilikuwa jina la mama watoto. Mimi nilikuwa wa tatu. Wa pili alikuwa shemeji, mwenye mgongo.

"Zingebadilishwa mashine ikiwa imewashwa, majina yangebaki," akaniambia. Alikuwa ameshasoma. Mwanamke ambaye hajawahi kunipitishia bisibisi alikuwa ameingia kusoma habari za betri ili tu anikamate vizuri.

Niliwahi kumweleza kwamba mchezo huu una heshima yake duniani. Nikamwambia jinsi New York walivyoupiga marufuku kuanzia mwaka 1942, wakisema ni kamari, bahati tupu, na meya wao Fiorello La Guardia akazivunja mashine kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Nikamweleza jinsi mwaka 1976 Roger Sharpe alivyosimama mbele ya wajumbe wa baraza la jiji, akaonyesha njia ambayo gololi itapita, akavuta springi, ikapita pale pale, na marufuku yakafutwa. Nilisimulia vizuri, hata mimi nilisisimka. Akanyamaza kidogo.

"Huyo meya," akasema, "nyundo yake ilikuwa kubwa?"

Wageni nao. Mmoja huweka glasi ya maji juu ya kioo, chini yake kuna umeme. Mwingine huitikisa mashine kwa nyonga mpaka timazi ndogo iliyoning'inizwa ndani igonge pete yake, kila kitu kizime, kisha ananitazama mimi kwamba nimemuuzia kitu kibovu. Na lazima awepo wa tatu, aliyesimama na mikono nyuma, wa kusema: "Hii gemu hata kwenye simu yangu ipo." Ipo, ndugu. Simu yako ina gololi ya chuma ya gramu 80? Simu yako imewahi kukufanya uingize mkono mmoja nyuma ya skrini huku mwingine umeutia mfukoni kama bwana harusi anayepigwa picha, kwa sababu tyubu ya kioo ya skrini za zamani inaweza kuwa imetunza volti maelfu hata baada ya kuchomolewa? Basi tuheshimiane.

Ndiyo maana kuna wakati nawaonea wivu watu wa kabla ya mwaka 1947. Flipa zilikuwa hazijawekwa kwenye mchezo huu. Mwaka huo kampuni ya Gottlieb ikatoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, yenye flipa sita, tatu kila upande, ndipo matatizo yangu yalipoanza, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa. Kabla ya hapo ulirusha gololi, ukaisindikiza kwa macho, ikaanguka, ukaenda zako kulala. Hakuna koili ya flipa wala swichi ya mwisho, na mzee hana pa kuvika karatasi.

Nirudi kwenye karatasi. Nakiri. Fyuzi ya akiba sikuwa nayo, maduka yamefungwa, na pale mkononi nina karatasi ambayo imekaa humo miaka 30 bila kulalamika. Nilifikiria. Kwa muda wa kama dakika moja, nilifikiria kabisa. Tochi ya mama watoto imeniokoa, ila hilo sikumwambia.

Badala yake nikauchomoa waya wa koili iliyoungua, nikaazima fyuzi ya namna ile ile kutoka mashine ya jirani yake, ambayo sasa nayo haiwaki. Nikaiwasha. Flipa ya kulia ikaitika.

"Ya kulia nzima?" akauliza mama watoto.

"Nzima."

"Sogea."

Akacheza. Saa nane kasoro usiku, na nguo za kulalia, na flipa moja. Upande wa kushoto gololi ilikuwa inapita kama mtu aliyekuta geti wazi, na hata hivyo kila mara aliinyaka kabla haijafika huko, anaituma juu, inarudi, anaituma tena, taratibu, anapiga miayo. Gololi ya tatu ilipoanguka mashine ikapiga kengele na kuomba herufi tatu za jina. Akaziandika. Milioni moja na kitu. Mimi kwa flipa zote mbili, na mwanga wa mchana, na miwani, laki nane.

"Betri uziache," akasema, akaenda kulala.

Koili nimeagiza. Wameniandikia itafika kati ya siku 7 na siku 40, maana yake nisiwapigie. Leo asubuhi, kwa kukosa la kufanya, nikamwaga mezani ule mfuko wa mzee nione kama kuna cha kufaa. Nakumbuka siku aliyonipa nilihesabu skrubu 19. Leo zipo 23.