Mshahara wa Rubani Ndege Isiporuka

Mpwa wangu amepata leseni ya urubani wa biashara, na sasa ana mikataba miwili mkononi, yote ya makampuni ya nauli nafuu. Juzi baada ya Alasiri aliifungua barazani kwetu hapa Mkomani, Lamu. Wazee wakamwambia achukue ule wenye tarakimu kubwa. Mimi nilimwomba asome ukurasa wa pili kwanza.

Tarakimu ile kubwa ilikuwa ya vipande viwili: mshahara wa msingi, mdogo, na malipo ya kila saa anayoruka. Saa hizo huhesabiwa tangu ndege inapoanza kutoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Muda wa kukagua ndege, kusoma hali ya hewa na kusubiri kwenye uwanja wa ndege wa Manda abiria waliochelewa kuvuka kwa mashua haumo.

Sisi watu wa Lamu mpango huu si mgeni kwetu. Chombo kikirudi na samaki, hutolewa gharama za mafuta na barafu, kisha mwenye chombo anachukua fungu lake, nahodha na mabaharia yao. Kusi ikichafuka, vyombo vikilala, hakuna fungu. Baharia anaukubali mpango huo kwa sababu siku ya neema naye anapata sehemu ya neema. Rubani wa kulipwa kwa saa hubeba hasara ya ndege kulala, lakini siku ndege imejaa na nauli imepanda, saa yake bei ni ile ile. Hapo ndipo ninapoona dhuluma.

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano tu. Mkataba mmoja unatoa shilingi 300,000 kila mwezi, ndege iruke isiruke. Mwingine unatoa 180,000 na 2,500 kwa kila saa. Akiruka saa 70 anapata 355,000, na barazani watampongeza. Akiruka 30 anapata 255,000. Na huku kwetu miezi hailingani: Desemba wageni wanajaa, Mei mvua ikishika safari zinapunguzwa. Mwaka 2020 ndio uliotuonyesha zaidi. Korona ilisimamisha safari za ndani za abiria, zikafunguliwa tena tarehe 15 Julai. Aliyekuwa akila kwa saa alikula nini miezi ile?

Hata hivyo, wenye makampuni haya wana hoja nzito, na nisingependa kijana azipuuze. Leseni ya biashara hupatikana kwa takriban saa 200 za kuruka. Ile ya juu, ya kumwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka 1,500. Kampuni ya safari fupi nyingi humpa kijana saa hizo upesi, na kutua mara nyingi kwa siku ni shule isiyonunulika. Tena mara nyingi ndege hurudi nyumbani jioni. Anakosa posho ya kulala nje, lakini analala kwake na mkewe na wanawe. Wapo marubani wa mashirika makubwa wanaolitamani hilo.

Hoja yao ya pili inatugusa sisi abiria. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza kuruka mwaka 2014, na nauli za namna hiyo zimewapandisha ndege watu ambao zamani walijua basi tu. Mgonjwa wa Lamu anayekwenda kutibiwa Nairobi anajua thamani yake. Wanasema malipo ya marubani yakipanda, nauli nayo itapanda. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Ndege ya viti 78 ikiwa na abiria 60, ukiwaongezea marubani wote wawili shilingi 3,000 kila mmoja kwa safari, kila abiria anachangia shilingi 100. Mafuta ya ndege yanakula mara nyingi zaidi ya hapo.

Nauli nafuu hailazimishi mshahara duni. Southwest ya Marekani ilianza kuruka mwaka 1971 na ndiyo iliyowafundisha wengi biashara hii; Januari 2024 marubani wake, wenye chama imara, waliidhinisha mkataba wa kuongezewa karibu asilimia 50 kwa jumla hadi utakapokwisha. Ryanair ya Ireland ilipita njia nyingine: marubani wengi iliwapata kupitia mawakala, wakilipwa kwa saa, na vyama haikuvitambua hadi Desemba 2017, mgomo ulipoikaribia Krismasi. Zote mbili zinauza tiketi rahisi. Tofauti iko kwa nani aliyekuwa na nguvu mezani.

Naye abiria asidhani jambo hili ni la marubani peke yao. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi waliona kosa kuu ni la kapteni, namna alivyoliitikia onyo la ndege. Lakini ilijulikana pia kwamba rubani msaidizi, aliyelipwa mshahara mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini, na nchi nzima ikaanza kuuliza habari za uchovu na malipo. Malipo ya saa yana kasoro hapa pia: kutua mara nne kwa siku kunachosha kuliko safari moja ndefu ya saa zile zile, na hesabu haioni tofauti hiyo.

Marupurupu ndiyo yanayosahaulika zaidi. Rubani hupimwa afya mara kwa mara, na moyo au macho yakimsaliti akiwa na miaka 35, leseni inasimama na kazi pia. Ipo bima ya kumlinda na hilo; mkataba ule wa tarakimu kubwa haukuitaja kabisa. Una, badala yake, kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo ya kurusha aina ya ndege za kampuni akiondoka mapema. Akiba ya uzeeni nayo si ya kuichukulia wepesi hata kwenye shirika kubwa: mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022 ulihusu, pamoja na mambo mengine, michango ya mfuko huo.

Kwangu mimi, mkataba wa 300,000 wenye bima ndio bora kwa kijana mwenye deni la shule, hata kama utamchelewesha ukapteni. Yeye bado anauwaza ule mwingine, kwa ajili ya zile saa. Jana aliwaandikia wenye mkataba huo maswali mawili: watamlipa saa ngapi kwa mwezi hata asiporuka, na atapata nini daktari akimzuia. Jibu halijaja, na huku wenye mkataba wa 300,000 wanataka saini yake kabla ya Ijumaa.