Ngome za Séré de Rivières zinastahili hukumu nyingine

Zikitajwa ngome za mpakani za karne ya 19, wengi wana hukumu tayari: Ufaransa ilifukia mamilioni ya faranga ardhini, na mizinga ya Wajerumani ya 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, ikazigeuza kifusi. Kuna ukweli hapo. Lakini wanaohukumu hivyo wanatazama ngome zilizopigwa tu, hawatazami njia ambazo adui hakuthubutu kuzipita.

Baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani na kupoteza Alsace na sehemu ya Lorraine mwaka 1871, Metz na Strasbourg zikiwemo, kazi ya kuulinda mpaka mpya ilimwangukia Jenerali Raymond Adolphe Séré de Rivières, mhandisi wa jeshi. Sheria ya Julai 1874 ilimtengea faranga milioni 88. Hakujenga ukuta. Aliizungushia ngome miji ya Verdun, Toul, Épinal na Belfort, kisha akapanga misururu miwili ya ngome: mmoja juu ya vilima vya Meuse, mwingine kwenye Moselle ya juu. Kati ya Toul na Épinal aliacha uwazi kwa makusudi, ule unaoitwa pengo la Charmes. Adui akiingia hapo angekuwa na ngome ubavuni pande zote mbili, na jeshi la Ufaransa likimsubiri mbele.

Wakosoaji wana hoja nzito. Mwaka 1886, katika majaribio kwenye ngome ya Malmaison, makombora yaliyojazwa melinite, baruti mpya yenye nguvu kubwa, yalibomoa kuta za mawe zilizojengwa miaka michache tu kabla. Ikabidi kumwaga zege juu ya mawe, baadaye zege lenye nondo, na kuificha mizinga ndani ya makuba ya chuma yanayozunguka. Gharama zilikuwa kubwa mno, hivyo ngome nyingi zikabaki zilivyokuwa. Hata ngome ya Manonviller, iliyoimarishwa kuliko nyingi, ilisalimu amri Agosti 27, 1914, baada ya kupigwa siku chache.

Hayo yote nayakubali. Sasa tuulize: kwa nini Wajerumani walipitia Ubelgiji? Schlieffen, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, aliandika wazi katika waraka wake wa 1905 kwamba ngome za mashariki ya Ufaransa ni imara mno kushambuliwa uso kwa uso, hivyo lazima zizungukwe. Kuzizunguka maana yake ni kukanyaga nchi iliyokuwa imeahidiwa kutoguswa katika vita. Agosti 4, 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na usiku huohuo Uingereza ikatangaza vita. Ujerumani ikajikuta na adui wa tatu, mwenye jeshi kubwa la majini na makoloni kila upande. Novemba mwaka huo vita vilikuwa vimefika Tanga. Sisemi ngome pekee ndizo zilizosababisha yote hayo. Uingereza ilikuwa na sababu zake nyingine. Ila mtu anayeuliza faranga zile zilinunua nini anapaswa kuanza na hesabu hii, maana ngome hizo zilimlazimisha adui kuchagua njia ndefu zaidi, na yenye gharama kubwa zaidi kisiasa.

Na pengo la Charmes? Mwishoni mwa Agosti 1914 Wajerumani waliingia humo, na Wafaransa wakawapiga ubavuni, kama mhandisi yule alivyokusudia. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1895, na wadhifa wake alikuwa amenyang'anywa tangu 1880.

Lawama ninayoiona ya haki inawahusu waliokuja baada yake. Mpaka wa Ubelgiji uliachwa dhaifu, na Lille ikatangazwa mji usiotetewa vita vilipoanza. Kisha, baada ya kuona Liège, mji wa Ubelgiji uliozungukwa na ngome, ulivyoanguka mwaka 1914, makamanda wa Ufaransa walikata tamaa na ngome zote. Agosti 1915 wakaamuru ngome za Verdun zipunguziwe askari na mizinga, ingawa zege lake lilikuwa bora kuliko lile la Liège, lisilokuwa na nondo. Februari 25, 1916 Wajerumani waliikuta Douaumont, ngome kubwa kuliko zote pale, ikiwa na askari wachache tu, wakaichukua karibu bila kufyatua risasi. Vaux, ngome nyingine ya Verdun iliyokuwa na askari wake, ilihimili mashambulizi makali hadi Juni 7. Meja Raynal aliisalimisha kwa sababu maji yalikwisha na watu wake walikuwa wakiramba unyevu ukutani, huku kuta zenyewe zingali zimesimama. Jenerali Pétain, mara alipokabidhiwa ulinzi wa Verdun, aliagiza ngome zirudishiwe silaha. Douaumont ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwao, na kuirejesha kuliwachukua Wafaransa miezi minane.