Andromeda na Njia ya Maziwa: hamsini kwa hamsini maana yake nini?

Juni 2025 habari moja ya anga ilizunguka dunia upesi: kumbe Njia ya Maziwa, galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu limo ndani yake, huenda isigongane na galaksi jirani, Andromeda. Kwa miaka 13 tulikuwa tumezoea kuambiwa kinyume. Mwaka 2012 NASA ilitangaza, kwa vipimo vya darubini ya Hubble, kwamba galaksi hizo mbili zitagongana baada ya takriban miaka bilioni 4 na kumaliza kuungana miaka bilioni 2 baadaye. Sasa watafiti wakiongozwa na Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliandika katika jarida la Nature Astronomy kwamba uwezekano wa kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni kama asilimia 50 tu.

Wapo waliosema wanasayansi wamejikana wenyewe. Wapo waliosema hakuna jipya, tarakimu tu zimesogezwa. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini wa kwanza umepotea mbali zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza neno lenyewe, kugongana. Ukilisikia unawaza malori mawili uso kwa uso. Angani haliwi hivyo. Lifanye Jua letu liwe dogo kama ndimu, uliweke Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho, nyota jirani iliyo kubwa kama Jua ingekuwa ndimu nyingine huko Kigali. Kati ya ndimu hizo mbili ni utupu karibu mtupu. Ndiyo maana galaksi zenye mamia ya mabilioni ya nyota zinaweza kupenyana bila nyota kugusana. Kinachogongana kweli ni mawingu ya gesi. Hayo hubanwa, hupata joto, na nyota mpya huzaliwa kwa wingi. Galaksi mbili ziitwazo Antena, NGC 4038 na NGC 4039, ziko katika hatua hiyo hivi sasa: zimejaa makundi ya nyota changa za buluu, na mikia miwili mirefu imechomoza kutoka kwao kama papasi za mdudu.

Mikia hiyo iliwahi kuwa fumbo. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walitumia kompyuta za wakati ule kuonyesha kwamba mvutano peke yake unatosha kuichomoa. Hawakuhitaji mlipuko wala nguvu ya ajabu. Galaksi moja ikipita karibu na nyingine, upande ulio karibu huvutwa zaidi ya ule wa mbali, kama Mwezi unavyoleta maji kujaa na kupwa pwani kwetu. Tofauti hiyo ya mvutano ndiyo inayorefusha galaksi na kurusha nyota zake nje.

Lakini kwa nini zisipitane tu, kila moja ikaenda zake? Hapa ndipo hoja ya wanaotetea mgongano ina nguvu kweli. Kila galaksi imezungukwa na tandiko kubwa la mada ya giza, yaani mada isiyoonekana ila kwa mvutano wake, pana kuliko sehemu yake inayong'aa. Galaksi nzito inapopita ndani ya tandiko la mwenzake, mvutano wake hukusanya mada nyuma yake, na mkusanyiko huo huivuta irudi. Mwanafizikia Chandrasekhar alieleza hesabu ya jambo hili mwaka 1943. Galaksi hupoteza kasi, huenda mbali kidogo, hugeuka, hurudi, kila mara umbali ukipungua, kama bembea isiyo na msukumaji. Mwishowe zinatulia kuwa galaksi moja, na mara nyingi mikono yao ya mzunguko hupotea likabaki umbo la yai. Mashimo meusi ya katikati, yenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, nayo huzama hadi yakakutana. Letu lina uzito wa takriban Jua milioni 4, na la Andromeda linazidi Jua milioni 100.

Tena galaksi yetu imekwisha kupitia hayo. Mwaka 2018 data ya chombo cha angani cha Ulaya kiitwacho Gaia ilifichua nyota nyingi zilizobaki kutoka kwenye galaksi iliyomezwa na Njia ya Maziwa takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Galaksi nyingine ndogo, ya Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994, inasambaratishwa na Njia ya Maziwa hata sasa. Anayesema galaksi huungana hasemi ndoto.

Na Andromeda inakuja, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 mwanafalaki Vesto Slipher, akiwa Flagstaff, Arizona, alipima mwanga wake na kukuta umeegemea upande wa buluu, kama honi ya basi inavyosikika nyembamba zaidi likiwa linakukaribia. Kasi aliyopata ilikuwa kilomita 300 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya hiyo ni mwendo wa Jua letu ndani ya galaksi yake. Ukiutoa, inabaki takriban kilomita 110 kwa sekunde.

Taabu ni mwendo wa pembeni. Kitu kikija moja kwa moja kitakufikia, na kikija huku kinaambaa pembeni kinaweza kukupita. Kuupima mwendo huo kwa galaksi iliyo umbali wa miakanuru milioni 2.5 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka) ni kazi inayonistaajabisha kila nikiifikiria. Rudi kwenye ile safari ya Dar hadi Kigali: kusogea kwa Andromeda pembeni kwa mwaka mzima ni kama unene wa unywele mmoja uliopo Kigali, ukitazamwa kutoka Dar. Kipimo cha Hubble cha 2012 kilitoa takriban kilomita 17 kwa sekunde, kiasi kidogo hata kisiweze kutofautishwa na sifuri. Mwaka 2019 Gaia ilitoa takriban 57, tena kwa shaka kubwa juu na chini. Hakuna aliyedanganya. Kila kundi lilipima unywele ule kwa chombo lilichokuwa nacho.

Alichofanya Sawala na wenzake ni kuichukua shaka hiyo yote kwa uzito. Waliunganisha vipimo vya Hubble na Gaia, wakaangalia vigezo 22, wakaendesha mifano 100,000 ya kompyuta. Pia waliingiza majirani. Galaksi ya Triangulum, iliyo karibu na Andromeda, huongeza uwezekano wa kuungana. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoizunguka yetu, huupunguza, kwa sababu njia yake inakatiza ile ya Andromeda karibu kwa pembe mraba na kuivuta Njia ya Maziwa pembeni. Uwezekano wa mgongano ndani ya miaka bilioni 4 hadi 5, ule uliotangazwa mwaka 2012, ukabaki takriban asilimia 2.

Mimi naegemea upande wa 2025, lakini sikubali jinsi watu wanavyoielewa ile hamsini. Haina maana kwamba anga lenyewe linarusha sarafu. Andromeda ina mwendo mmoja, na mwendo huo una matokeo yake. Asilimia 50 inapima ujuzi wetu tu. Ukiboresha kipimo cha ule unywele, namba itapanda au itashuka. Na kikomo cha miaka bilioni 10 ni cha hesabu: galaksi zitakazopitana kabla ya hapo zinaweza kuungana baadaye.

Anayehofia Dunia atulie. Jua linazidi kung'aa, na baada ya takriban miaka bilioni 1 bahari zetu zitakuwa zinakauka, Andromeda ikiwa bado mbali sana.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika kelele za Andromeda, muungano ulio karibu zaidi umesahaulika. Lile Wingu Kubwa la Magellan linatarajiwa kumezwa na galaksi yetu baada ya takriban miaka bilioni 2, na hapo hakuna anayezungumzia hamsini kwa hamsini. Gesi yake inaweza kulilisha na kuliamsha shimo jeusi letu, ambalo sasa limetulia.

Andromeda sisi wa Afrika Mashariki tunaiona Novemba, kama saa tatu usiku, upande wa kaskazini: doa hafifu ambalo mwanafalaki wa Uajemi, al-Sufi, aliliandika mwaka 964 kuwa ni kiwingu. Wingu la Magellan halionekani Ulaya hata kidogo. Kwetu linaonekana. Januari, usiku usio na mwezi, toka mbali na taa za mji ukatazame kusini, juu kidogo ya upeo. Kile kipande cha ukungu kisichosogea na upepo ndicho, na tayari kinaivuta galaksi yetu nzima.