Kabla ya kuvezi nyingine, nunueni viti

Mfadhili akifika Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuuliza neonatolojia, yaani wodi ya watoto wachanga wagonjwa na waliozaliwa kabla ya wakati, inahitaji nini, jibu huwa tayari: kuvezi, sanduku la kumpasha mtoto joto. Ina vioo, ina taa, inapendeza kwenye picha. Sisi tungeomba viti kwanza. Viti vya mbao vyenye mgongo wa kuegemea, kimoja kando ya kila mtoto, pamoja na ruhusa ya mama au baba kukikalia saa yoyote, usiku na mchana.

Anza na baridi. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa gramu 1,400 hana mafuta chini ya ngozi ya kumkinga usiku wa mvua. Joto lake linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, anachoma sukari kidogo aliyonayo ili ajipashe moto, anahema kwa shida, na uzito unakwama. Kuvezi inamsaidia vizuri, mpaka umeme ukatike. Ukikatika, msifungue-fungue vidirisha vyake kuangalia. Muulizeni muuguzi kama mtoto anaweza kuhamia kifuani pa mama au baba, ngozi kwa ngozi, na kama anatumia oksijeni ya mashine, chupa ya akiba iko wapi.

Kifua si mbadala wa maskini. Njia hii ya kumbeba mtoto kifuani, inayoitwa njia ya kanguru, ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa Daktari Edgar Rey, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Lakini utafiti uliotoka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa nane juu ya stuli ya plastiki? Jaribuni wenyewe.

Namna ya kumweka ni hii. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu. Analazwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande, kidevu kimeinuka kidogo. Kikwembe kinafungwa kwa nguvu, ukingo wa juu ukiishia chini ya sikio. Kosa la kuogopa ni shingo. Ikijikunja mbele, njia ya hewa inaziba, na mtoto huyu hana nguvu za kulia. Anabadilika rangi kimya kimya. Mama aliyeketi wima akisinzia, shingo ya mtoto inaanguka pamoja na yake. Kumtoa na kumrudisha kunamchosha pia, kwa hiyo kila zamu iwe angalau saa moja. Aliye kwenye mashine inayompumulia kabisa, daktari ndiye anasema lini.

Aliyekaa hapo anaona mambo. Muuguzi mmoja ana watoto wengi. Mtoto wa CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yabaki wazi, ana mrija unaoishia ndani ya chupa ya maji, na maji lazima yachemke mapovu muda wote. Mapovu yakinyamaza, kuna mahali hewa inatoroka: vijirija vimetoka puani, mdomo umeachama, au mpira umechomoka. Mwite muuguzi hapo hapo. Vivyo hivyo mtoto akiacha kupumua sekunde 20, au akigeuka bluu kabla ya hapo: sugua wayo au mgongo wake huku ukiita. Ubongo wake bado haujakomaa, unasahau. Dawa ya kafeini inasaidia kuukumbusha.

Na tafadhali, ndugu wa mgonjwa, acheni kugombana na wauguzi ili “waongeze oksijeni”. Prematire, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akiwa kwenye oksijeni, kipimo cha oksijeni ya damu kinacholengwa ni asilimia 90 hadi 95. Akikaa kwenye 100 siku nyingi, mishipa ya macho inaharibika na anaweza kupofuka.

Maziwa nayo yanahitaji kiti. Kabla ya wiki 32 hadi 34 za ujauzito mtoto hawezi kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo anakula kwa sonde, mrija mwembamba unaofika tumboni. Mama aanze kukamua ndani ya saa chache baada ya kuzaa, mara nane kwa siku au zaidi, na usiku pia. Kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya weusi wa titi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana. Siku ya kwanza ni matone, na asione aibu: mtoto wa kilo 1.5 anaweza kuanza na mililita 11 hivi kila saa tatu. Maziwa yamiminwe kwenye sirinji isiyo na kisukumio, yashuke yenyewe. Kuyasukuma ili kumaliza haraka kunaleta kutapika, na matapishi yanaingia mapafuni. Tumbo likivimba, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, msimamishe mlo na mwite daktari. Huenda utumbo unaoza. Maambukizi kwake mara nyingi hayaji na homa, yanakuja na ubaridi.

Mama wa upasuaji hawezi peke yake. Kifua cha baba hakina maziwa lakini kina joto, na bibi pia yumo. Waoshe mikono hadi viwiko, wavue pete na saa, simu ibaki mfukoni.

Seremala wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, apewe vipimo: kiti kipana, mgongo ulale nyuma, mikono ya kuegeshea viwiko. Mbao zipakwe rangi ya mafuta ili zisuguliwe kwa klorini kila zamu. Kitambaa kisiwekwe.