Jumapili ya Wamarekani: nani apumzike, nani abaki zamu?

Gerald Groff alipoajiriwa na Posta ya Marekani mwaka 2012, kazi yake kupeleka barua katika vijiji vya kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Jumapili haikuwa na mjadala. Siku hiyo barua hazikutembezwa. Mwaka uliofuata posta ikaingia mkataba na Amazon, duka kubwa la mtandaoni, wa kusambaza vifurushi vyake hata Jumapili, na baada ya muda mkataba huo ukafika kwenye kituo chake. Groff ni Mkristo wa kiinjili, na kwake siku ya Bwana ni ya ibada na mapumziko. Alikataa. Akahamia Holtwood, kituo kidogo chenye wafanyakazi saba tu, lakini vifurushi vikamfuata huko huko. Kila alipokosa zamu aliadhibiwa, kila adhabu nzito kuliko iliyotangulia, mpaka Januari 2019 akaandika barua ya kuacha kazi.

Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Tangu mwaka 1977 mahakama zilikuwa zikimruhusu mwajiri kumkatalia mfanyakazi ombi la kidini ikiwa lingemgharimu chochote zaidi ya kiasi kidogo mno. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa walikubaliana kwamba kipimo hicho kilikuwa kimesomwa vibaya. Sasa mwajiri anatakiwa kuonyesha kuwa ombi lingemletea gharama kubwa kwa kadiri ya biashara yake. Kesi ikarudishwa chini ipimwe upya, na makanisa mengi yakashangilia.

Naona walikuwa na haki ya kushangilia. Mtu akiambiwa achague kati ya mkate wa watoto na dhamiri yake, hapo uhuru wa kuabudu umebaki kwenye karatasi tu. Pia hukumu hiyo inawalinda Waislamu wanaotaka Ijumaa, Wayahudi na Wasabato wanaotaka Jumamosi, hata mtu mwenye kilemba chake cha Kalasinga. Kumbuka kwamba kipimo kile cha 1977 hakikutokana na kesi ya Mkristo wa Jumapili. Kilitokana na kesi ya Larry Hardison, mfanyakazi wa shirika la ndege la TWA aliyekuwa akiishika Jumamosi. Alishindwa, na kwa miaka 46 watu wa dini ndogo ndogo wakaendelea kushindwa naye.

Lakini ukiisoma hukumu ya Groff utakuta pia watu ambao habari zao hazikutangazwa kwenye mimbari. Vifurushi vya Jumapili havikubaki ghalani. Vilibebwa na wenzake, na wakati mwingine na mkuu wa kituo mwenyewe, ambaye kupeleka barua si kazi yake ya kawaida. Wenzake walinung'unika. Je, hao hawakuwa na watoto? Hawakuwa na kanisa, au mama wa kumtembelea, au angalau usingizi wa kulala mpaka jua litoke? Mahakama ilisema, na nadhani kwa haki, kwamba chuki ya wenzako dhidi ya dini yako si sababu ya kukunyima ruhusa. Sawa. Ila uchovu si chuki. Hapo ndipo mjadala wa Jumapili ya Marekani unaponishika, kwa sababu kila upande unapigania siku ya mtu wake, na siku hiyo lazima mwingine ailipie.

Zamani Wamarekani walikuwa na jibu jingine: sheria iwafungie wote. Koloni la Virginia liliwalazimisha watu kwenda kanisani tangu 1610, na kwa karne tatu zilizofuata majimbo mengi yalipiga marufuku biashara siku ya Jumapili. Sheria hizo zilikuwa na utata wa kuchekesha. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa ya wauzaji wa duka moja kubwa huko Maryland waliotozwa faini kwa kuuza, siku ya Jumapili, jalada la karatasi, kopo la nta ya sakafu, stepla na pini zake, na nyambizi ya kuchezea watoto. Jimbo hilo hilo liliruhusu tumbaku, maziwa na petroli viuzwe siku hiyo. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba sheria za namna hiyo zilizaliwa na dini, ni kweli, lakini sasa zina kazi ya kidunia: kuwapa watu wote siku moja ya kupumzika kwa pamoja. Zikaachwa zisimame.

Siku hiyo hiyo, kwa kesi nyingine, mahakama iliwaambia wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Philadelphia kwamba wavumilie. Hao walikuwa wakifunga Jumamosi kwa imani yao na Jumapili kwa amri ya serikali, huku jirani Mkristo akifunga siku moja tu. Miaka miwili baadaye ilikuja kesi ya Adell Sherbert, Msabato aliyefukuzwa kiwandani Carolina Kusini kwa kukataa kazi ya Jumamosi, kisha akanyimwa malipo ya wasio na ajira. Safari hii mahakama ilimtetea, na ikaona jambo la aibu: sheria za jimbo hilo zilikuwa tayari zikimlinda mfanyakazi wa kiwanda cha nguo asiyetaka kazi ya Jumapili. Mwenye siku tofauti ndiye hakuwa na mlinzi. Anayetamani sheria za zamani zirudi inambidi kwanza aijibu kesi ya Sherbert. Mimi sijasikia jibu linaloniridhisha.

Hata hivyo, wanaozikumbuka sheria hizo si wajinga. Mwaka 2008 wachumi wawili, Jonathan Gruber na Daniel Hungerman, walichapisha utafiti kuhusu majimbo yaliyozifuta. Walikuta kwamba maduka yalipofunguliwa, mahudhurio ya ibada yalipungua na sadaka nazo zikapungua. Zaidi ya hapo, ulevi na matumizi ya dawa za kulevya vikaongezeka miongoni mwa wale wale waliokuwa wakienda kanisani. Tusiubebeshe utafiti huo kila kitu. Gallup, shirika la kura za maoni, walipotangaza mwaka 2021 kwamba waumini waliosajiliwa kanisani, msikitini au sinagogi wameshuka hadi asilimia 47 ya Wamarekani, kutoka 70 mwaka 1999, sababu zilikuwa nyingi na maduka ni moja tu. Ila ni vigumu kubisha kwamba siku ambayo kila mtu yuko nyumbani huwakutanisha watu, na zamu zinazopishana huwatawanya.

Bado zipo sehemu zilizobaki. North Dakota ilizuia maduka mengi kufunguliwa Jumapili kabla ya saa sita mchana hadi mwaka 2019. Kaunti ya Bergen, New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York, ina maduka makubwa mengi, na mengi ya nguo na samani hufungwa Jumapili hadi leo. Wakazi wameulizwa kwa kura wakasema yafungwe. Wengi hawatoi sababu ya Mungu. Wanasema wamechoka na foleni za magari. Warren angefurahi kuwasikia.

Sheria zilipokufa, jukumu likahamia kwa mwenye mali. Truett Cathy, Mbaptisti wa Georgia, alifungua mkahawa wake wa kwanza Hapeville mwaka 1946 na Jumapili akaufunga. Kampuni iliyotokana nao, Chick-fil-A, inafunga mpaka leo nchi nzima, hata tawi lililomo ndani ya uwanja wa Atlanta ambako timu ya mpira wa Kimarekani hucheza mechi zake nyingi za nyumbani siku hiyo hiyo. Desemba 2023 mbunge mmoja wa New York alipeleka muswada wa kulazimisha migahawa ya vituo vya kupumzikia kwenye barabara kuu ya jimbo kufunguliwa siku saba. Hoja yake ina uzito: kituo ni mali ya umma, na msafiri mwenye njaa hana pengine pa kwenda. Walioipinga waliona serikali ikimkamata mtu shingoni imwambie asipumzike. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili, kwa sababu moja: kila mfanyakazi wa mkahawa huo, mcha Mungu na asiyemjua Mungu, ana hakika na Jumapili yake. Haombi ruhusa na haelezi imani yake kwa meneja. Tatizo ni kwamba mapumziko ya namna hiyo ni hisani ya tajiri. Tajiri akifa, au hisa zikiuzwa, yanaweza kwenda naye.

Na sasa tuseme lile ambalo Wakristo wa Marekani hawapendi kuambiwa. Ibada ikiisha saa sita, migahawa inajaa. Familia zimevaa vizuri, wachungaji wapo, wazee wa kanisa wapo, na anayewaletea chakula hakuwa ibadani, maana alikuwa akipanga meza ili wao wakija wakute kila kitu tayari. Katika majimbo kadhaa mwajiri anaweza kumlipa mhudumu huyo dola 2.13 kwa saa, kiwango cha chini cha serikali kuu kwa wanaotegemea bakshishi ambacho hakijapanda tangu 1991, alimradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Mwaka 2013 risiti ya mgahawa mmoja wa St. Louis ilisambaa mtandaoni. Mchungaji aliyekula na kundi lake, na kuwekewa bakshishi ya asilimia 18, alikuwa ameandika juu yake kwamba yeye humpa Mungu asilimia 10, kwa nini mhudumu apate 18? Aliomba radhi baadaye, na mhudumu aliyeipiga picha alifukuzwa kazi. Si haki kuwahukumu Wakristo wote kwa risiti moja. Lakini swali la mchungaji lilikuwa zito kuliko alivyojua, kwa sababu amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inamtaja mtumishi kwa jina la kazi yake. Inasema apumzike kama wewe, kisha inakukumbusha kwamba nawe ulikuwa mtumwa Misri.

Watu wetu walioko huko wanaijua habari hii kwa mwili. Mkenya anayelaza wazee katika nyumba za matunzo, Mkongo aliyefika kama mkimbizi akapata kazi kiwanda cha nyama, Mtanzania anayebeba boksi ghalani: wikendi ndiyo zamu iliyo wazi, na mara nyingi ndiyo yenye nyongeza ya senti kadhaa. Makanisa mengi ya Kiswahili hukutana mchana au jioni, kwa kuwa jengo ni la kukodi na wenyewe Wamarekani wana ibada asubuhi. Hiyo imegeuka baraka ya ajabu, maana aliyetoka zamu ya usiku anapata kulala saa mbili tatu kabla ya kwenda kuimba. Wakisii wa Minnesota, ambao wengi ni Wasabato, wana hesabu yao nyingine. Kwao Ijumaa jua likizama zamu inapaswa kuwa imekwisha, na mgonjwa hajui kalenda. Wengi wao hutofautisha kumhudumia mgonjwa na kumfungashia mtu viatu alivyoagiza mtandaoni. Yesu naye aliponya siku ya Sabato, akasema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Nadhani tofauti hiyo wanayoiona wao ina akili kuliko mistari mingi ya mawakili.

Je, nani mwenye haki? Anayetaka sheria moja kwa wote anajua kwamba pumziko la mtu mmoja mmoja huvunjika haraka, ila amesahau Wayahudi wa Philadelphia. Anayetaka kila mtu aombe ruhusa yake kama Groff anailinda dhamiri, ila anamwacha mwenzake na mzigo. Connecticut iliwahi kujaribu kumpa kila mwenye Sabato haki isiyo na masharti ya kutofanya kazi siku yake, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo kwa sababu iliwapendelea wenye dini bila kuwajali wengine hata kidogo. Naye anayeliacha soko liamue ana hoja ambayo watu wa dini huidharau bure: mjane anayesoma chuo katikati ya wiki anaweza kuihitaji Jumapili ile kama siku ya kipato. Kumfungia duka kwa jina la Bwana ni kumfungia jiko.

Ninapoegemea mimi ni kwenye historia ya posta yenyewe, ambayo kelele za kesi ya Groff ziliifunika. Mwaka 1810 Bunge la Marekani liliamuru ofisi za posta zifunguliwe hata Jumapili, na makanisa yakapigana na amri hiyo kwa miongo mingi bila mafanikio. Yalishindwa yalipodai heshima ya siku takatifu peke yake. Zilifungwa mwaka 1912, wachungaji waliposimama bega kwa bega na makarani wa posta waliokuwa wakidai siku ya kupumzika. Asiyesali alipumzika pamoja na anayesali. Utulivu huo ulidumu kwa jumla karne nzima, mpaka vifurushi vya Amazon vilipofika.

Muungano wa namna hiyo siuoni leo. Sheria ya kazi ya mwaka 1938 iliwapa Wamarekani malipo ya ovataimu baada ya saa 40, lakini haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima hata siku moja ya mapumziko kwa wiki. Mwaka 2017 Oregon ilipitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa za rejareja, hoteli na vyakula kumpa mfanyakazi ratiba yake mapema, ili ajue wiki mbili kabla kama Jumapili ni yake au ya bosi. Waajiri wanalalamika kwamba inawafunga mikono msimu ukibadilika, na wakati mwingine wana kweli. Sheria hiyo haimpi mtu siku takatifu. Inampa nafasi ya kupanga: kubadilishana zamu na mwenzake kwa hiari, kumwahidi mtoto, kujiandikisha kwaya. Vyama vya wafanyakazi viliipigania. Makanisa yangeweza kuifanya ajenda yao katika kila jimbo, na kuidai hata kwa wasaidizi wa nyumba za wazee, ambao kwa sasa haiwagusi.